Mombasa–Nairobi kwa ndege: kilomita ni ngapi, na ile "saa moja" ya tiketi yatoka wapi

Tiketi imeandikwa kuondoka Mombasa 14:00, kufika Nairobi 15:00. Msafiri anaisoma, anapiga simu bara, anamwambia mwenyeji wake wakutane Westlands saa tisa na nusu. Saa tisa na nusu ikifika, msafiri bado amesimama kwenye ukanda wa mizigo uwanjani Embakasi akitafuta begi lake kwa macho.

Tiketi haikudanganya. Imesema jambo moja dogo na likasomwa kama safari nzima. Hebu tuipasue hiyo saa moja vipande vipande, lakini tuanze na umbali, maana hapo ndipo watu hubishana zaidi.

Kilomita nne tofauti, zote za kweli

Barabara ni kama kilomita 485 kutoka kisiwani hadi katikati ya Nairobi. Reli ya SGR, kutoka kituo cha Miritini hadi kile cha Syokimau, ni kilomita 472. Reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa hapa Mombasa 1896 na kufika Nairobi 1899, ilikuwa kama kilomita 530, kwa sababu ilizunguka vilima badala ya kuvikata. Injini za mvuke hazikuweza miinuko mikali, na daraja refu lilikuwa gharama. SGR imepita juu ya matuta ya udongo na madaraja marefu, ndiyo maana imepunguza karibu kilomita 60.

Kwa ndege ni kilomita 423 hivi, kutoka uwanja hadi uwanja. Ukiona mtandao mmoja umeandika 440, usidhani umekosea. Huo umepima kutoka kisiwani hadi katikati ya jiji la Nairobi kwa mstari ulionyooka. Uwanja wa Moi uko bara, upande wa Changamwe na Port Reitz, yaani tayari uko magharibi ya mji. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko Embakasi, mashariki ya Nairobi. Viwanja vyote viwili vimejisogeza kukutana, na hapo kilomita 17 zimepotea.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwa kalamu, na ni nzuri kwa mtu wa pwani kwa sababu ni hesabu ya manahodha. Uwanja wa Moi uko latitudo 4°02′ kusini, longitudo 39°36′ mashariki. Jomo Kenyatta uko 1°19′ kusini, 36°55′ mashariki. Toa: latitudo zimepishana digrii 2 na dakika 43, yaani dakika 163. Longitudo zimepishana digrii 2 na dakika 41, yaani dakika 161. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, dakika ya longitudo ni karibu sawa nayo. Sasa zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeo cha pili: 163 mara 163 ni 26,569, 161 mara 161 ni 25,921, jumla 52,490, kipeo chake ni 229. Maili 229 za baharini. Zidisha kwa 1.852 upate kilomita 424. Dunia si duara kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha, kwa hiyo vyombo vya kisasa vitakupa 422. Tofauti ya kilomita mbili haimchelewishi mtu futari.

Hesabu hii ifanyie Mombasa na Zanzibar, au Mombasa na Dar es Salaam, itakubali vilevile. Dar ni kama kilomita 317 kwa ndege, ila kwa barabara ni zaidi ya 500, kwa sababu ukishapita Lunga Lunga na Tanga, barabara kuu yakupeleka ndani hadi Segera na Chalinze kabla ya kurudi baharini. Ukienda Nairobi, barabara inaufuata mstari wa ndege kwa uaminifu mkubwa: 485 kwa 423 si mbaya hata kidogo. Kwa hiyo anayeruka Nairobi haokoi masafa mengi. Anachonunua ni kasi tu.

Kasi, na kwa nini haigawiki

Kosa la kawaida ni kuchukua umbali na kuugawa kwa kasi ya ndege. Embraer 190 ikiwa juu hukimbia kama kilomita 830 kwa saa, kwa hiyo 423 ingechukua dakika 31. Dash 8 Q400, ile ya propela mbili, kama 660 kwa saa: dakika 38. ATR 72 kama 510: dakika 50. Cessna Caravan ya injini moja, ikifika 340: saa moja na robo.

Shida ni kwamba kwenye safari fupi kama hii ndege haikai juu. Chukua jeti inayotoka Mombasa kwenda Nairobi na kupanda hadi futi 24,000. Kupanda peke yake hula kama dakika 12 na kilomita 120. Kushuka nako kuna kanuni ya kichwani ambayo marubani huitumia: kwa kila futi 1,000 za kushuka, hitaji maili tatu za baharini. Nairobi yenyewe iko futi 5,330 juu ya bahari, kwa hiyo kutoka 24,000 kuna futi 18,700 za kushuka, yaani maili 56, kilomita 104. Jumlisha 120 na 104, toa katika 424: zimebaki kilomita 200 za kukimbia kwa kasi ile inayotangazwa. Robo saa tu. Ndiyo maana wahudumu huja na maji na karanga kama wanaofukuzwa.

Kwa hiyo muda wa hewani, tangu magurudumu yanaacha lami hadi yanapoigusa tena, ni kama dakika 40 hadi 45 kwa jeti, dakika 50 au karibu kwa Q400, na saa moja au zaidi kidogo kwa ATR. Jeti ina kasi kubwa kuliko Q400 kwa robo nzima, lakini Mombasa–Nairobi inaipita kwa dakika saba au nane. Mtu anayelipa elfu mbili za ziada kwa sababu "ile ni jeti" anunue kwa sababu nyingine: mtikisiko mdogo, kelele kidogo, saa inayomfaa. Dakika zenyewe hazina thamani hiyo.

Muda wa tiketi sasa. Mashirika ya ndege hupima kuanzia ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena. Humo ndani mna kuwasha injini, kutambaa hadi mwanzo wa barabara ya kurukia, kungoja mnara useme nenda, kisha upande wa pili kutambaa tena hadi kwenye jengo. Weka dakika 8 hapa na 7 kule, 45 yako imeshakuwa 60. Juu ya hapo shirika lenye busara huongeza dakika chache za akiba, ili ndege ikichelewa kidogo rekodi iseme imefika kwa wakati. Ukisikia tangazo la furaha kwamba "tumewasili dakika kumi mapema", kumbuka hizo dakika kumi zilikuwa zimetengwa tangu ratiba inaandikwa.

Kwa kuwa miji yote miwili hutumia saa ile ile ya Afrika Mashariki, ukitoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika unapata muda huo huo wa maegesho hadi maegesho. Usiifanyie hivyo ndege ya Dubai, ambako saa ni nyingine.

Kupanda bara na kuteremka pwani si sawa

Kwenda Nairobi ndege yapanda kutoka futi 200 za Port Reitz. Kurudi, inaanza safari ikiwa tayari juu ya futi 5,000. Kurudi kwa hiyo kuna mpando mfupi na mteremko mrefu: kutoka futi 25,000 hadi usawa wa bahari ni maili 75, kilomita 139. Ukiwa dirishani na ukasikia injini zimenyamaza mapema, mkiwa bado juu ya nyika ya Tsavo, hakuna lililoharibika. Mteremko umeanza.

Mbona kwenda ni 24,000 na kurudi ni 25,000? Ni kanuni ya barabara za angani. Ndege inayoelekea upande wa mashariki hupewa maelfu ya witiri, 23, 25, 27. Inayoelekea magharibi hupewa shufwa, 22, 24, 26. Zinazopishana Voi zinapishana futi 1,000 moja juu ya nyingine.

Upepo wa juu katika anga yetu mara nyingi hutoka mashariki, kwa hiyo humsukuma kidogo anayekwenda Nairobi na kumzuia kidogo anayerudi. Ni dakika mbili tatu. Lakini Nairobi huzichukua zote na kuongeza nyingine, kwa sababu ya jinsi uwanja ulivyolazwa. Barabara ya kurukia pale ni moja tu, imeelekea kaskazini-mashariki na kusini-magharibi, urefu wake zaidi ya mita 4,100, na kwa kawaida ndege hutua zikielekea kaskazini-mashariki, usoni mwa upepo. Ndege ya Mombasa inakuja kutoka kusini-mashariki. Haiwezi kuingia moja kwa moja. Inapita kusini ya uwanja, inazunguka, ndipo inajipanga na kuja juu ya mbuga ya Nairobi. Wageni hudhani rubani amepotea au anawaonyesha twiga.

Hapa Mombasa mambo hufuata majira yale yale yaliyokuwa yakileta majahazi. Barabara kubwa ya kurukia, mita 3,350, imelala karibu kaskazini-kusini, ikiegemea mashariki kidogo. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba, ndege huja kutoka upande wa kaskazini, nyuma ya Kisauni, na kutua zikitazama kusini. Kaskazi ikishika, Novemba hadi Machi, huingia kutoka upande wa Shimba na kupita juu ya maji ya Port Reitz. Kwa ndege inayotoka Nairobi, njia zote mbili zina kona, kwa hiyo hakuna majira yenye nafuu kubwa ya dakika. Kuna nafuu ya macho tu, na ya kaskazi ni nzuri zaidi.

Kwa nini Nairobi inahitaji lami ndefu hivyo? Hewa ya juu ni nyepesi. Bawa na injini vinapata cha kushika kidogo, na ndege hulazimika kufikia kasi kubwa zaidi ya ardhini kabla ya kuinuka, kama asilimia kumi zaidi ya ile inayoitosha Mombasa. Ndiyo hiyo mbio ndefu inayowatia watu hofu Embakasi, hasa mchana jua likiwaka.

Kutoka mlangoni, si kutoka uwanjani

Hapa ndipo safari inaposhindwa au kufaulu, na hakuna mtandao wa umbali utakaokwambia.

Uwanja wa Moi ni kama kilomita 10 kutoka katikati ya mji. Kilomita 10 za alfajiri ni dakika 25. Kilomita 10 za saa kumi na moja jioni, ukiwa na Makupa mbele na makutano ya Changamwe baadaye, zaweza kuwa saa moja na robo. Adui mkubwa ni malori ya bandari. Barabara ya Port Reitz inayokupeleka uwanjani ndiyo hiyo hiyo inayoelekea gati la makontena la Kipevu, na lori moja likizimika kwenye makutano, foleni hurudi hadi daraja la Makupa. Bodaboda itakupenyeza, lakini si ukiwa na begi la kilo 23.

Anayetoka Nyali, Bamburi au Mtwapa ahesabu pia daraja la Nyali asubuhi ya siku ya kazi, wakati kila mtu anaingia kisiwani. Ndege ya saa tatu asubuhi kwa mtu wa Mtwapa ni ndege ya kuondoka nyumbani saa kumi na mbili. Wengi huondoka saa moja, na hao ndio wanaokimbia na viatu mkononi.

Kusini ya Likoni kuna swali la feri. Feri ikiwa nzuri ni dakika 10 za maji, lakini foleni ya magari ndiyo inayoua. Tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike, mtu wa Diani au Ukunda ana njia ya kuzunguka na kutokea upande wa Miritini bila kugusa feri wala kisiwa. Ni kilomita nyingi zaidi kidogo na dakika zinazotabirika zaidi, nami ningeichagua kila siku yenye ndege. Kisha kuna njia ya tatu ambayo watu huisahau: Ukunda kuna kiwanja chake, kina ndege za Nairobi. Bei huenda ikazidi kidogo, lakini toa teksi ya Diani hadi Moi katika hesabu yako kwanza, ndipo ulinganishe. Vivyo hivyo watu wa Watamu na Malindi wana kiwanja cha Malindi. Mtu wa Kilifi yuko katikati kabisa, kama kilomita 60 kila upande, na kwake barabara ya Malindi ndiyo isiyo na foleni.

Ukifika lango la uwanja, huenda abiria wakaambiwa washuke garini na kupita kwenye ukaguzi kwa miguu huku gari likikaguliwa peke yake. Familia ya watu sita yenye wazee na watoto ipe dakika 10 hapo. Kaunta za safari za ndani hufungwa kati ya dakika 30 na 45 kabla ya kuondoka, kutegemea shirika. Isome tiketi yako, imeandikwa. Kaunta ikifungwa imefungwa, hata ndege ukiiona kwa macho kupitia kioo. Mwenye mkoba wa mkononi tu, aliyejisajili kwa simu, anaokoa foleni nzima. Angalia tu uzito: tiketi za bei ya chini mara nyingi zinaruhusu kilo 7 za mkononi na hakuna zaidi, na begi la ziada likilipiwa kaunta hugharimu zaidi kuliko likilipiwa mtandaoni. Kitambulisho cha taifa chatosha. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku tangu Agosti 2017. Samaki wagandishe kabisa na uwafunge kwenye boksi lisilovuja, uwaweke kwenye mzigo wa chini. Boksi likianza kudondoka kaunta, safari ya samaki imeishia hapo.

Upande wa Nairobi, hakikisha kwanza ni kiwanja gani. NBO ni Jomo Kenyatta, Embakasi. WIL ni Wilson, kule barabara ya Lang'ata, ambako ndege nyingi ndogo hutua. Viwili hivyo vimeachana kama kilomita 12 kwa mstari ulionyooka, na kwa barabara ni zaidi, na jioni ni saa nzima. Wilson ni karibu na mji na watu wa Lang'ata, Karen na Rongai hufaidika nayo. Lakini anayeunganisha na ndege ya ng'ambo akinunua tiketi ya Wilson kwa sababu ni nafuu, amejinunulia teksi na presha. Na kama tiketi mbili ni tofauti, hazikununuliwa pamoja, acha saa nne kati yake: ya kwanza ikichelewa, shirika la pili hulidai chochote wala halikujui.

Kutoka Embakasi hadi Westlands kuna barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa 2022. Ukiipanda ni dakika 20 hadi 25. Ukibaki chini, barabara ya Mombasa na Uhuru Highway zitakupangia muda wao wenyewe.

Sasa jumlisha kwa mtu wa Nyali anayekwenda Westlands. Saa moja barabarani, saa moja na nusu uwanjani, saa moja ya tiketi, nusu saa ya kushuka na begi, nusu saa hadi Westlands. Saa nne na nusu. SGR ya moja kwa moja hutumia kama saa tano relini. Ongeza safari ya Miritini, saa moja ya ukaguzi ambapo mizigo hupangwa chini na mbwa kuinusa, kisha Syokimau hadi mjini kwa treni ndogo au gari, unapata saa saba na nusu au nane. Basi ni saa nane hadi kumi barabarani, ikitegemea malori ya Mariakani na Salama. Kwa hiyo ndege inaishinda treni kwa saa tatu, si kwa saa nne kama tiketi zinavyoonyesha. Kwa shilingi 1,500 za daraja la kawaida, bei ya SGR tangu Januari 2024, kila mtu ajue saa tatu zake zina thamani gani. Mfanyabiashara anayerudi siku hiyo hiyo hana chaguo. Familia inayokwenda arusini na masanduku manane, treni ndiyo yao.

Kwa nini inachelewa

Ndege moja huenda na kurudi njia hii mara kadhaa kwa siku. Saa moja ya kwenda, dakika 35 za kushusha, kufagia na kupakia, saa moja ya kurudi. Ikichelewa dakika 40 asubuhi, hakuna mahali pa kuzifidia. Dakika hizo husafiri nayo hadi usiku, zikizaa watoto. Ndiyo maana ndege ya kwanza ya siku ndiyo ya kuaminika na ya mwisho ndiyo ya subira.

Ila angalia ndege ya kwanza ya Mombasa imelala wapi. Kama inaondoka mapema sana, kabla jua halijachomoza vizuri, basi imelala hapa na itaondoka. Kama inaondoka saa mbili au saa tatu, huenda yangoja kuteremka kutoka Nairobi, na Nairobi ya Juni hadi Agosti ina asubuhi za mawingu mazito yaliyolala chini. Mombasa jua linawaka, anga safi, na ubao umeandika imechelewa kwa sababu ya hali ya hewa. Abiria hukasirika wakidhani wanafanywa wajinga. Hali ya hewa ni ya kule.

Upande wetu tatizo ni mvua ya masika, Aprili na Mei, ikishuka kama pazia kwa dakika 20. Ndege hungoja ikizunguka juu, mvua ikipita inatua.

Na Nairobi ina lami moja. Ndege moja ikipasukiwa na tairi pale katikati, zote husimama, na zilizo angani hutafuta pa kwenda. Mara nyingi huja hapa. Tarehe 7 Agosti 2013, jengo la wageni wa kimataifa la Jomo Kenyatta lilipoungua, Mombasa ilipokea ndege ambazo hazikuwa na safari ya Mombasa.

Saa ya tiketi na saa yetu

Hili linaangusha watu wengi kuliko foleni. Tiketi hutumia saa 24. Kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa sita: 14:00 ni saa nane mchana. Kuanzia 19:00 toa kumi na nane: 20:00 ni saa mbili usiku. Kabla ya 07:00 ongeza sita: 05:30 ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mkizungumza kwa simu, "ndege ya saa mbili" taja na asubuhi au usiku, maana zote mbili huwepo.

Hatari zaidi ni 00:30 kwa wanaounganisha na ndege ya ng'ambo Nairobi. 00:30 ya Jumamosi ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Unatakiwa uwe Embakasi Ijumaa baada ya isha. Anayeondoka Mombasa Jumamosi jioni amechelewa kwa siku nzima.

Dirisha, masikio na jua

Kwenda Nairobi kaa kushoto. Kurudi kaa kulia. Kilimanjaro iko upande huo, kama kilomita 100 kutoka kwenye mstari wa safari, na Kibo kwa mita 5,895 hutokeza juu ya mawingu hata siku mbaya. Asubuhi ndiyo nzuri. Mchana mlima hujifunika.

Masikio huuma kuja Mombasa, si kwenda Nairobi. Hewa ya ndani ya ndege hushushwa hadi kama ile ya Nairobi, kwa hiyo ukitua Nairobi hakuna kilichobadilika. Ukija pwani, masikio yanarudishiwa futi 5,000 zote kwa robo saa. Mtoto mchanga mnyonyeshe mteremko ukianza, asiwe ameshiba na kulala. Mwenye mafua makali amng'unye peremende na ameze mate mara kwa mara. Kwa sababu hiyo hiyo, pakiti ya krispi za muhogo iliyofungwa Mombasa hufika Nairobi imevimba kama mto, na chupa ya achari iliyofungwa kwa nguvu huku hutafuta upenyo wa kutoa mafuta kwenye begi. Ifunge ndani ya kitambaa, isimame wima. Chupa tupu iliyofungwa Nairobi hufika hapa imebonyea.

Na kwa anayefunga Ramadhani akapanda ndege ya jioni kwenda Nairobi: Mombasa iko mashariki zaidi, jua huzama hapa kama dakika 11 kabla ya kule, na ukiwa futi 24,000 unaliona kama dakika 10 zaidi ya aliye chini yako. Simu iliyopangwa kwa adhana ya Mombasa italia, na jua bado utakuwa unalitazama dirishani, jekundu, upande wa kushoto. Tende ziweke mfukoni, si kwenye begi la juu, kwa sababu likizama ndege itakuwa inashuka na mikanda imefungwa.